Tumeyaona Magari ya Wafalme, Msituambie Tena "Harusi ya Kifalme"



Wiki hii hatuleti mapishi wala mshono mpya wa dira. Tumerudi safari na jambo limetukaa kooni, na tukilinyamazia tutakuwa tumejidhulumu wenyewe kabla ya kukudhulumuni nyinyi. Mwenye moyo mwepesi avute kiti akae.

Mwezi uliopita sisi watatu tulifunika cherehani zetu tukaenda Ureno kumtazama wifi yetu aliyejifungua. Siku mbili kabla ya kuondoka alikuja mteja, mtoto wa watu, anaolewa Mfunguo Tatu inshaallah. Akatoa simu akatuonyesha picha ya gari la farasi, jeupe, lina taji la dhahabu juu ya paa. Akasema, "Nataka gauni la kushukia humu. Mkia mita tano. Nataka harusi yangu iwe ya kifalme." Hatukumcheka wala hatukumnasihi. Tulichukua futi kamba tukampima, tukapokea na kianzio. Kumbukeni hilo, kwa sababu hasira ya makala hii inaanza na sisi wenyewe.

Tulipofika Lisbon wifi yetu akauliza tunataka kuona nini. Tukasema kwa mzaha: tupeleke yaliko magari ya wafalme, tukamshonee biharusi wetu kwa ujuzi. Kumbe yapo kweli, na si moja wala mawili. Tukapanda tremu namba 15 mpaka Belém, mtaa wa ukingoni mwa mto Tejo. Belém kwa Kireno ndiyo Baytu Lahm, alikozaliwa Nabii Isa, alayhi salaam. Jina zuri. Yaliyotoka mtaa ule tutayafikia.

Makumbusho hayo yalianzishwa na Malkia Amélia mwaka 1905, katika ukumbi wa kasri uliokuwa wa kufundishia farasi. Tangu 2015 magari mengi yamehamishiwa jengo jipya hapo hapo jirani, kazi ya msanifu wa Kibrazili Paulo Mendes da Rocha. Jengo ni jeupe na kubwa mno, ndani limeachwa tupu kama bohari la bandarini, na magari yamepangwa safu kwa safu. Ukiingia unajiona mdogo, na nadhani ndivyo walivyotaka. La zamani kabisa ni lile la Mfalme Felipe, aliyekuja kutoka Hispania mwaka 1619. Yapo ya kuvutwa na farasi sita, yapo machela ya kubebwa na nyumbu, mmoja mbele mmoja nyuma, vipo na viti vyenye paa vya kubebwa mabegani na watu wawili. Tena vipo vigari vya watoto wa mfalme, vidogo vidogo, vizuri hata ukatamani kumpakia mwanao.

Sisi tunaishi kwa sindano. Wengine walitazama magurudumu, sisi tuliinama madirishani kutazama bitana. Wallahi, dada zetu, tuliyoyaona humo ndani hatujayaona kwenye joho lolote, hata la bwana harusi mwenye nacho kutoka Maskati. Hariri na mahameli, maua na majani na mataji, yote kwa uzi wa dhahabu. Anayejua kudarizi anajua kwamba uzi wa dhahabu hauchomwi ukaingia kitambaani kama uzi mwengine. Unalazwa juu, halafu unafungwa kwa mishono midogo ya uzi wa hariri, mmoja baada ya mwengine, usivute sana ukakunja kitambaa, usilegeze ukainuka. Shubiri moja ya kazi ile ni siku nzima na macho mekundu jioni. Na mle hamna shubiri moja, mna ukuta, na dari, na viti.

Tukaanza kusoma vibao, wifi yetu akitusaidia Kireno. Jina la mfalme lipo. Jina la balozi lipo. Mwaka upo. Jina la aliyeinama miezi yote ile na sindano hatukuliona. Mmoja wetu alikulia shamba, mama yake akishona kofia za viua kwa taa ya chemli, kofia moja miezi, halafu anakuja mchuuzi kuinunua na kuipeleka mjini, na mvaaji akisifiwa husifiwa yeye. Alisimama pale kimya mpaka tukamvuta mkono.

Hayo tungeyameza. Washonaji tumezoea kutotajwa.

Lakini katikati ya ukumbi yapo magari matatu makubwa kuliko yote, na kila mgeni ndiyo anayoyakimbilia. Yalitengenezwa Roma, kwa ajili ya ujumbe ambao Mfalme João wa Tano wa Ureno aliupeleka kwa Papa Clement wa Kumi na Moja. Msafara uliingia Roma mwezi wa Julai 1716, balozi akiwa Marquês de Fontes. Ulikuwa msafara mrefu wa magari, haya matatu ndiyo maarufu yaliyobaki. Kazi ya magari haya haikuwa kumfikisha mtu mahali. Kazi yake ilikuwa kusema. Mfalme alitaka Papa na mabalozi wengine wote wajue Ureno ni nani, basi akayachongesha maneno yake kwa mbao, akayapaka dhahabu. Na dhahabu hiyo, miaka ile, ilikuwa inamiminika Lisbon kutoka migodi ya Brazili, ikichimbwa na Waafrika waliouzwa utumwani.

Gari la kwanza linaitwa la Bahari. Ukizunguka nyuma yake unawaona wazee wawili wenye ndevu wamepeana mikono. Mmoja ni Bahari ya Atlantiki. Mwengine ni Bahari ya Hindi. Maana yake ni kwamba Wareno, walipozunguka Rasi ya Tumaini Jema, walizikutanisha bahari mbili zikawa ndugu.

Bahari ya Hindi ni hii yetu. Ni hii tunayokosha miguu Forodhani, ndiyo iliyomlea babu zetu na kuwameza wengine. Imefanywa mzee wa mbao anayetoa mkono na kutabasamu. Sasa tunauliza, nani alimwambia mchongaji yule kwamba tulitoa mkono?

Mwaka 1502 Vasco da Gama aliyeondokea hapo hapo Belém, na kaburi lake liko hapo hapo Belém katika nyumba ya watawa ya Jerónimos, alitia nanga Kilwa akamlazimisha mtawala wake kutoa kodi ya dhahabu, la sivyo mji unateketezwa. Dhahabu ile ilifika Lisbon, na mwaka 1506 ikawa chombo cha ibada cha kanisa la Jerónimos, chombo cha fahari, ambacho mpaka leo kinaonyeshwa katika makumbusho mengine ya Lisbon ya sanaa za kale. Mwaka huo huo wa 1502, upande wa pwani ya India, watu wake waliiteka na kuichoma moto merikebu ya mahujaji waliokuwa wanarudi kutoka Makka. Mreno mmoja aliyekuwapo aliandika kwamba wanawake walikuwa wanainua vito vyao na watoto wao wachanga juu, wanaomba. Hawakusikilizwa. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akaipora Kilwa, kisha Mombasa ikatiwa moto. Huko ndiko kupeana mikono.

Gari la pili lilitukata miguu. Linaitwa la Kutawazwa kwa Lisbon. Nyuma yake amekaa mwanamke, ndiye mji wa Lisbon, anavishwa taji. Miguuni pake kuna joka lenye mbawa, alama ya ukoo wa mfalme, na joka lile linauvunja mwezi mwandamo. Pembeni wamewekwa watumwa wawili. Mmoja ni Asia. Mwengine ni Afrika.

Mwezi ule ni huu huu tunaoupandia juu ya paa kuutafuta jioni ya ishirini na tisa ya Shaabani. Atatokea msomi atuambie kwamba mwezi si alama ya dini yetu kwa Kitabu wala kwa Sunna. Sawa, tumekubali. Lakini aliyechonga alijua anamkusudia nani, na Papa aliyepelekewa alijua, na sisi tuliosimama pale na mitandio yetu vichwani tulijua. Na yule Afrika wa miguuni, hakuna haja ya msomi. Ni sisi.

Sasa pigeni hesabu. Gari hilo ni la 1716. Ngome ya Mombasa, ile ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, iliangukia mikononi mwa Waomani Disemba 1698 baada ya kuzingirwa tangu 1696. Hapa Unguja pia walikuwa wameshaondoka, na palipokuwa na kanisa lao pakainuka Ngome Kongwe. Kwa hivyo mfalme alipokuwa anamuonyesha Papa mwezi uliovunjika na Afrika iliyopiga magoti, ilikuwa miaka 18 tangu watu wenye mwezi huo wamtoe katika pwani yetu mpaka kusini ya Ruvuma. Gari lile halikuwa likisema kweli hata siku lilipokuwa jipya na rangi haijakauka. Ni la mtu aliyepigwa barazani akaenda kujisifu mtaa wa pili.

Na hapo tukatazama pembeni. Mmoja wetu alikuwa ameshapiga picha na gari lile lile kabla hatujasoma kibao, meno yote nje, mkono kiunoni. Picha ilikuwa imeshafika kwenye kundi letu la WhatsApp. Na majibu yalikuwa yameshaanza kushuka.

Wa kwanza alisema: pesa hizo mngekwenda Umra, kuliko kwenda kutembelea masanamu ya makafiri. Tunamjibu kwa heshima, maana ni mkubwa wetu. Mama, Umra tunaiomba usiku na mchana, na wewe utuombee. Lakini Mola wetu ametuamrisha pia kutembea katika ardhi na kutazama ulikuwaje mwisho wa waliotangulia. Basi tulitazama. Mle ndani, mbali na yale ya dhahabu, lipo gari la wazi, halina pambo lolote la kukusimamisha. Tarehe 1 Februari 1908 Mfalme Carlos alikuwa amepanda humo na mkewe na wanawe wawili wakipita uwanja wa Terreiro do Paço, wakatokea watu na bunduki. Mfalme akafa, na mtoto wake mkubwa Luís Filipe akafa. Mkewe ndiye Malkia Amélia, yule yule aliyeanzisha makumbusho. Hakuwa na kitu mkononi isipokuwa shada la maua, akasimama akawa anampiga nalo muuaji. Miaka miwili baadaye hapakuwa na ufalme tena Ureno. Matundu ya risasi bado yapo kwenye gari, unaweza kuyahesabu. Tulisoma Fatiha? Hapana, hawakuwa wenzetu. Lakini tulimuonea huruma mama yule kama mama, na tukaelewa kitu kuhusu magari yenye mataji ambacho hatukuwahi kukielewa kwenye mawaidha ya redio. Hatukupoteza pesa.

Wa pili ndiye aliyetuudhi, na ndiye tunayemuandikia zaidi. Alisema: "Wenzetu walistaarabika zamani, angalia vipando vyao. Sisi babu zetu walikuwa wanakwenda miguu peku."

Mdogo wetu, babu yako hakuhitaji gari la farasi kwa sababu barabara yake ilikuwa maji. Alikuwa na mtepe. Umeuona wapi? Kama ulisoma skuli hapa mjini, basi ulipelekwa Beit al-Ajaib ukaonyeshwa mfano wake, na ulikuwa unacheza nyuma ya mwalimu. Mtepe ni chombo kilichoshonwa. Sikia neno hilo, kimeshonwa. Mbao zimetobolewa zikaunganishwa kwa kamba za nazi, hakuna msumari, na tanga lake ni mkeka uliosukwa. Wale wa Lisbon walishona bitana ya gari. Wetu walishona gari lenyewe, likavuka bahari.

Na kama unataka vya wafalme hasa, vilikuwapo pia. Sayyid Barghash alijenga reli yake kutoka mjini mpaka kasri lake la Chukwani, mabehewa yakivutwa na nyumbu kwanza, kisha akaagiza injini ya moshi Uingereza. Alipofariki mwaka 1888 reli ikang'olewa, ikawa chuma chakavu. Alikuwa na meli yake ya fahari, Glasgow. Waingereza waliizamisha mbele ya mji tarehe 27 Agosti 1896, siku ile ya vita vilivyokwisha kabla chai haijapoa, na milingoti yake ikabaki imetoka majini miaka na miaka, watu wakiiona kila asubuhi. Kwa hivyo tofauti ya Lisbon na sisi si kwamba wao walikuwa na vipando na sisi hatukuwa navyo. Wao wamevijengea nyumba. Vyetu kimoja kilikatwakatwa, kimoja kilizamishwa, na nyumba iliyohifadhi mfano wa mtepe, Beit al-Ajaib yenyewe, sehemu yake ilituangukia mchana wa Disemba 2020 ikaua watu, baada ya miaka ya kuoneshana nyufa.

Lakini tusije tukajifanya malaika. Barghash huyo huyo na ndugu zake waliomtangulia walikula karafuu zilizochumwa na watumwa, na soko la Mkunazini halikufungwa mpaka 1873, tena kwa kushurutishwa. Na wakati Ngome ya Mombasa imezingirwa, Malkia Fatuma wa Unguja, mwanamke mwenzetu, Muislamu mwenzetu, aliwapelekea Wareno vyakula. Waomani walipomkamata wakamchukua Maskati. Alikuwa na sababu zake, na sisi hatukuwapo. Tunalisema kwa sababu historia si kanga ya kuchagua upande wenye maua tu. Na kanga yenyewe, ukitaka, leso ni neno la Kireno. Meza unayolia chakula ni neno lao. Gereza ni neno lao, kwao lina maana ya kanisa. Hatukatai kilichobaki. Tunachokataa ni mtu kutuambia kwamba uzuri ulikuja kwenye gari lao, na sisi tulikuwa pembeni ya barabara tukisubiri kupita kwake.

Na sasa harusi.

Tulikaa bustanini mbele ya mto, tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa pamoja, tukanunua vile vikeki vyao vya mayai (tuliuliza kwanza kama unga wake una mafuta ya nguruwe), na hakuna aliyekuwa na hamu navyo. Mmoja akasema, "Yule mtoto anataka mita tano." Wote tukajua anamsema nani.

Kuna kisa katika Suratul Qasas ambacho tumekisikia darasani tangu tuko chuoni. Karuni alitoka mbele ya watu wake na mapambo yake yote, na waliokuwa wanaitaka dunia wakasema, laiti na sisi tungepewa mfano wa alivyopewa. Ustadhati wetu alikuwa anatuuliza: nani alifanya kosa hapo, Karuni peke yake? Tulikuwa hatujui kujibu. Tumejua Belém. Gari la kifalme bila ya watu wa kulitamani barabarani ni mbao tu. Wanaolifanya kuwa la kifalme ni wanaosema "laiti."

Msije mkatusingizia kwamba tunaharamisha urembo. Mwenyezi Mungu mwenyewe alipowataja farasi na nyumbu na punda alitaja kupanda akataja na pambo. Sisi tunakula kwa pambo. Biharusi apendeze, apakwe hina mpaka kwenye kiwiko, avae dhahabu ya mama yake, afukizwe udi mpaka jirani apige chafya. Hilo ni lake. Tunasema juu ya kitu chengine.

Tunasema juu ya mama mmoja, mteja wetu, hatumtaji wala mtaa hatuutaji. Alikuwa na friza mbili, anauza barafu za ukwaju na za maziwa kwa watoto wa skuli, na kwa barafu hizo aliwasomesha wanne. Binti yake alipoolewa wakataka ukumbi, kiti cha enzi cha kukodi, gari refu la kukodi lenye maua, mpiga picha wa angani, na gauni letu. Mama akachukua mkopo wa kikoba. Haukutosha, akauza friza moja. Halafu akauza ya pili. Sisi tulijua. Alitulipa gauni kwa noti zilizokunjwa ndogo ndogo, za mia tano na elfu, zile unazopokea kwa watoto. Tulizihesabu tukazitia kwenye mkoba, tukamwambia ahsante mama, Mungu ambariki. Gari lile la kukodi lilizunguka mji dakika arubaini. Mama yule leo anafua nguo za watu.

Tulisikia maneno yenu kabla hamjayasema. "Ni furaha ya siku moja." "Mtoto anaolewa mara moja." "Watu watasema nini." Tumeyasema hayo maneno mbele ya wateja ili wasituondokee, tena kwa sauti tamu. Basi tunayajibu kwa kinywa hicho hicho. Siku moja ya Mfalme João ya mwaka 1716 pia ililipwa na watu ambao hawakupanda gari. Walikuwa mgodini. Ya kwetu inalipwa na mama mwenye friza, na na dada wadogo wanaofuata nyuma, ambao harusi zao zitapimwa kwa ile, na na kijana aliyeshindwa kuoa miaka sita kwa kuwa mahari anayo lakini ukumbi hana. Dini imemsahilishia, ukumbi ndio uliomkatalia. Na neno lenyewe, "ya kifalme". Mfalme yupi? Mbona mnapomtaka mfalme mnamfuata yule aliyetuweka miguuni pa joka? Taji lile la dhahabu kwenye simu ya biharusi wetu, mawingu yale ya kuchonga, watoto wenye mbawa, vyote tulivikuta Belém, na sasa tunajua vilikuwa vinasema nini na vilikuwa vinamsema nani.

Mwanamme mmoja mwenye ukumbi aliposikia mpango wetu ametuambia tunajifungia rizki. Bwana, rizki ina Mwenyewe. Mpango ni huu, na tunauandika hapa ili mtusute tukiuvunja. Gauni tunashona, zuri kuliko mwanzo. Mkia hauzidi mita moja na nusu. Gauni la kukodi lipo, tumelishona makusudi, la kupunguzwa na kuachiliwa kiunoni, limeshavaliwa na wawili na hakuna aliyejua. Pesa ya kikoba tukijua ni ya kikoba hatuichukui. Na kila gauni, ndani ya pindo pasipoonekana, tunadarizi jina la aliyeshona, kwa uzi wa zari, herufi ndogo. Tumeanza na la mama yetu wa kofia za viua, ambaye sasa anatudarizia mikono ya madira.

Ile picha ya meno nje hatukuifuta. Tumeiacha kwenye kundi, tukapandisha chini yake picha ya pili, ya nyuma ya gari, karibu karibu, mwezi na joka na wale wawili.

Yule biharusi alikuja juzi kujaribu. Tulimpa simu tukamwambia, tazama gari la kifalme. Akalikuza kwa vidole viwili, akalisogeza huku na huku kama wanavyofanya. Akauliza, "Hawa wa miguuni ni nani?" Tukamwambia. Akanyamaza, akatazama tena, akaturudishia simu. Akasema, "Gari nitazungumza na mama. Lakini mkia jamani, hata mita mbili?"

Tumekata moja na nusu. Kitambaa kilichobaki ni chake, tumemkunjia kwenye mfuko.